Vigingi vya umurinzi vimeoza: naomba msaada wa kuotesha mti wa chozi

Mwalimu Mstaafu, Buhigwe (Aprili)

Wanajukwaa, habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina shamba la ekari moja na nusu kwenye mteremko unaoshuka hadi kijitoni, lenye kahawa, migomba na maharage, ambamo hakuna mti wa asili hata mmoja uliobaki. Nilipokuwa mtoto, mpakani mwa shamba hilo palikuwa na mti ambao bibi yangu aliuita umurinzi, kama wanavyouita jirani zetu wa Burundi, na ambao vitabu vya misitu huuandika Erythrina abyssinica. Kila kiangazi, majani yakiwa yamepukutika yote, mti ule ulijaa maua mekundu kama makaa ya moto, na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza utamu wa maua, waligombana humo tangu alfajiri hadi jua lilipokuwa kali. Ulikatwa miaka mingi iliyopita, shina likachongwa kinu, na tangu wakati huo chozi ninaowaona hapa nyumbani ni mmoja mmoja wanaopita tu.

Sasa nimestaafu na nimeamua kuurudisha, lakini nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua miche minne kwa muuzaji mmoja wa pembeni mwa barabara, aliyenihakikishia kwamba ndiyo yenyewe, ya maua mekundu. Miche ilikua vizuri sana, majani yake yakawa membamba kama manyoya ya ndege, na kijana wa jirani aliyesomea kilimo ndiye aliyenieleza kwa heshima kwamba nilikuwa nimepanda mikrismasi, mti mzuri wa kivuli ambao asili yake ni Madagaska. Nimeuacha mmoja karibu na lango na mingine nimeigawa.

Mara ya pili niliomba matawi kwa rafiki yangu ambaye bado ana umurinzi mkubwa. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha karibu kila siku. Nilikata vigingi kumi na vinne vyenye unene wa kidole gumba hadi unene wa kifundo cha mkono, nikavichomeka siku hiyohiyo kwenye mstari wa mpaka, na kila siku ambayo mvua haikunyesha nilivimwagilia. Baada ya wiki tatu vyote vilichipua majani, nikafurahi na kuwaita wajukuu waje waone. Kufikia mwishoni mwa Februari kumi na kimoja vilikuwa vimenyauka, na nilipoving'oa nikakuta sehemu ya chini imekuwa laini na nyeusi, inanuka, bila mzizi hata mmoja. Vitatu vilivyobaki navyo sina imani navyo.

Naomba kuelekezwa mambo haya: je, nirudie vigingi au nitafute mbegu? Kipindi sahihi ni kipi kwa huku kwetu? Na je, ni kweli kwamba mbegu zake ni sumu, maana nina wajukuu wanne wanaopenda kuokota kila kitu? Ninataka pia kujua kama mti mmoja au miwili inatosha kuwarudisha ndege, au ninajidanganya.

Mzee wa Heru Juu

Mwalimu, pole kwa hasara, na hongera kwa nia. Ninaishi Kasulu na uzio wangu wa upande wa magharibi ni umurinzi mtupu, miti kumi na tisa, yote imetokana na vigingi, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua kwa mikono yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa mwezi. Mti huu huhifadhi maji na chakula kingi ndani ya shina lake laini, na ndiyo maana tawi lililokatwa linaweza kutoa majani hata likiwa limelazwa chini kibarazani. Majani uliyoyaona baada ya wiki tatu yalitoka kwenye akiba hiyo. Hayakuwa na uhusiano wowote na mizizi. Ukikata tawi katikati ya masika, utomvu ukiwa unapanda, na kulichomeka siku hiyohiyo kwenye udongo uliojaa maji, kidonda cha chini hakipati nafasi ya kufunga, na ukungu huingia kabla mzizi haujaanza. Kisha ukamwagilia juu ya mvua! Nisamehe Mwalimu, lakini hapo ulikuwa unakipikia kigingi uji.

Mimi hukata mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa umemaliza kuchanua na haujaanza kutoa majani mapya, ambapo kwa huku kwetu ni mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Huchagua tawi lililokomaa, lenye gome lililoanza kuwa gumu na kupasukapasuka, unene wake usipungue kifundo cha mkono wa mtu mzima, na urefu uwe kama kimo cha mtu au zaidi kidogo. Vile vya unene wa kidole gumba usivihangaikie kabisa, kwa sababu akiba yao ni ndogo. Ncha ya juu huikata mshazari ili maji ya mvua yatiririke, na ya chini huikata bapa kabisa kwa panga kali au msumeno, kwani panga butu huacha nyuzi zilizopondeka ambazo ndizo zinazoanza kuoza. Tia alama kwenye ncha ya juu kwa chokaa. Nimewahi kumwona mtu akipanda kichwa chini na kulaumu mti.

Baada ya hapo vigingi hulazwa kivulini, mahali pakavu penye hewa, kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne. Watu wengi huona hatua hii ni uzembe wakaiacha, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kidonda hukauka na kufanya ngozi, na mizizi itatokea kandokando ya ngozi hiyo. Katikati ya Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza kuanza, nachimba mashimo ya kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, naweka kokoto kidogo chini kama udongo ni wa mfinyanzi, nasimamisha kigingi, nashindilia udongo kwa mguu, kisha naondoka. Simwagilii hata tone. Udongo mkavu haumwozeshi mtu huyu. Yeye anangoja mvua akiwa hai.

Kuhusu kujua kama kimeshika, usihesabu majani. Shika kigingi katikati ya Januari ukitikise polepole sana, na kama kinacheza ndani ya udongo, bado hakijashika hata kama kina majani mengi. Hivyo vitatu vyako viache bila kuvigusa hadi kiangazi. Kitakachobaki na gome la kijani ukikwangua kwa ukucha mwezi wa Agosti, hicho ni mti.

Jambo la mwisho, usipande karibu na nyumba. Mbao zake ni laini na matawi huvunjika kwa upepo, na miiba yake midogo ni kero kwa watoto wanaopita.

Kitalu cha Kibondo

Mzee wetu wa Heru Juu ameeleza vizuri, na sina la kuongeza kuhusu vigingi isipokuwa onyo moja, kisha nitatetea mbegu, ambazo watu wa huku huzidharau bila sababu.

Onyo langu ni mchwa. Kigingi kikavu kilichosimama kwenye udongo mkavu kwa wiki tatu au nne kabla ya mvua, kwa mchwa ni karamu, na katika mashamba ya tambarare huku Kibondo nimeshuhudia mistari mizima ikiliwa kuanzia chini. Watu hupaka majivu au kupanda mvua ikiwa imeshafika, na kila njia ina gharama yake. Mche uliotokana na mbegu una utomvu na mizizi hai tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mchwa huusumbua kidogo zaidi. Tena una mzizi mkuu mnene unaokwenda chini moja kwa moja na kufanya kama kiazi, na mzizi huo ndio unaouwezesha kustahimili kiangazi chetu cha miezi mitano na hata kuchipua tena baada ya moto wa nyika. Mti wa kigingi huwa na mizizi ya pembeni. Unasimama, lakini kwenye mteremko kama wa Mwalimu ningependa angalau nusu ya miti iwe na mzizi mkuu.

Mbegu hukusanywa maganda yanapoanza kupasuka. Maganda hayo utayatambua kwa jinsi yalivyobanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga zilizofungwa ndani ya kitambaa, na yana manyoya mafupi ya kahawia. Zichume zikiwa bado mtini, kwa kuwa zile zilizolala chini mara nyingi zimeshatobolewa na wadudu wadogo, na ukiitazama vizuri mbegu utaona tundu dogo la duara. Zitie kwenye maji, zinazoelea zitupe.

Tatizo la mbegu hizi ni ganda. Ni gumu na halipitishi maji, hivyo ukizifukia tu zitakaa ardhini miezi na miezi, nyingine zikaota mwaka huu na nyingine mwaka kesho, na mtu akadhani zimekufa. Mimi hutumia mkasi wa kukatia kucha: nakata kipande kidogo sana cha ganda upande ulio kinyume na kitovu cha mbegu, yaani mbali na lile doa jeusi, hadi nione weupe wa ndani kwa mbali, nisiende zaidi. Anayeogopa mkasi anaweza kusugua kwa tupa au msasa. Kisha naziloweka usiku mmoja kwenye maji ya kawaida, na asubuhi zile zilizovimba mara mbili ya ukubwa wake nazisia. Ambazo hazijavimba nazikata tena kidogo na kuziloweka upya. Kwangu huota ndani ya wiki moja hadi mbili.

Zisie moja kwa moja kwenye viriba virefu, yaani vile vifuko vya kuoteshea miche, kila mbegu kwenye kina cha sentimita moja au mbili, kwa mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga wa kutosha, samadi iwe kidogo tu. Mti huu ni wa jamii ya mikunde na hujitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Konzi moja ya udongo kutoka chini ya mti mzee huwaleta bakteria hao kwenye kiriba, na gharama yake ni kuinama tu. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki. Miche ihamishwe shambani kabla mzizi haujatoboa kiriba, jambo ambalo hutokea mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ukisia Septemba utahamisha Novemba au Desemba, mvua ikiwa imetulia.

Hasara ya mbegu naikubali waziwazi: utasubiri maua kwa miaka kadhaa, wakati kigingi kinene kinaweza kuchanua mapema zaidi. Ndiyo maana mimi hushauri vyote viwili kwa pamoja.

Mzee wa Heru Juu

Ndugu wa Kibondo, kuhusu mchwa nakubali, na nilisahau kusema kwamba huku juu kwetu kwenye baridi hawana nguvu kama huko tambarare. Kuhusu mzizi mkuu sibishani nawe, ila nitakwambia kwamba miti yangu kumi na tisa imeshapita vimbunga vingi vya Oktoba na haijaanguka hata mmoja. Yaliyovunjika ni matawi. Wa kwanza kuchanua ulichanua mwaka wa tatu.

Mrina Asali, Uvinza

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mjadala wote na naona hakuna aliyejibu swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito: je, ndege watarudi?

Inafaa kwanza kuelewa kwa nini mti huu unawavuta kwa nguvu kiasi hicho. Mkoa wetu wa Kigoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, na maua mengi ya porini na ya mashambani hufuata msimu huo au huchanua mvua inapokaribia. Umurinzi huchanua katikati ya ukame, wakati ambapo mnyama anayeishi kwa nekta hana pa kwenda. Maua yake yamekaa kwenye vikonyo vinene vilivyosimama juu ya matawi matupu, kwa hiyo ndege anaweza kutua na kunywa bila kupapatika hewani, na wekundu wake unaonekana kutoka mbali kwa sababu hakuna jani linaloufunika. Chozi akiingiza ule mdomo wake uliopinda hutoka na poleni kichwani na kifuani, akaipeleka kwenye mti mwingine. Nimeona pia shorewanda na kwera wakija, na hao hung'oa maua badala ya kunywa kwa adabu. Nyuki nao huja, na katika mwezi kama Julai, ambapo mizinga yangu ina njaa, hata miti mitatu minne ya jirani naiona kwenye uzito wa masega.

Hapo ndipo jibu linapotokea. Mti mmoja utawaleta chozi kwa wiki chache za mwaka, watakunywa, wataondoka, kwa sababu chozi haishi kwa nekta peke yake. Makinda wake hulishwa wadudu na buibui, na kiota chake kinachoning'inia anahitaji kukifunga kwenye kijiti kilichojificha. Shamba lenye kahawa na migomba, lililopigwa dawa kila msimu, haliwezi kumpa hayo hata likiwa na umurinzi ishirini. Kwa hiyo ningekushauri uupe mti wako jirani. Kando ya kijito panda mringaringa, ule ambao Warundi huuita umuvugangoma kwa kuwa ngoma zao huchongwa kwake. Maua yake meupe yanapendwa sana na nyuki wangu, na kivuli chake hakiidhuru kahawa. Kwenye mstari wa uzio, katikati ya umurinzi mmoja na mwingine, panda mkole, kichaka kisicho na makuu, chenye maua madogo ya njano na matunda madogo ambayo shorewanda na njiwa huyamaliza kabla watoto hawajafika. Mkole ukikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki, fimbo zake ni imara na zinapindika, na magome yake hufunga mzigo wa kuni. Nyasi za chini ya uzio usizifyeke zote kwa pamoja, acha nusu.

Tena usikimbilie kuondoa tawi lililokufa la umurinzi kama haliko juu ya njia. Mbao zile laini ndizo ambazo kigong'ota huzitoboa kutengeneza kiota, na tundu lake la mwaka huu hutumiwa na ndege wengine mwaka unaofuata.

Kuna jambo moja dogo ambalo Mzee hakuligusa. Katika miaka ya mwanzo utaona ncha za vichipukizi zinakuwa nyeusi na kunyauka, na ukipasua utakuta kiwavi ndani. Mtu wa kwanza utakayemwuliza atakwambia upige dawa. Tafadhali usipige, kwani dawa itakayomwua kiwavi ndani ya kichipukizi itaingia pia kwenye vitu vingine ambavyo chozi na nyuki wanakula. Kata ncha hiyo chini kidogo ya sehemu iliyooza, ichome moto, na mti utachipua pembeni.

Muuguzi, Ujiji

Mwalimu, habari za huko juu. Nimeingia kwa ajili ya swali la wajukuu peke yake.

Ndiyo, mbegu za umurinzi zina sumu. Zina kemikali za kundi la alkaloidi ambazo hulegeza misuli, kwa namna inayofanana na sumu ya mishale ya Amerika Kusini iitwayo kurare, na hatari kubwa ni pale misuli ya kupumua inapolegea. Mbegu nzima iliyomezwa bila kutafunwa mara nyingi hupita tumboni na kutoka ilivyoingia, kwa sababu ya lile ganda gumu ambalo ndugu wa Kibondo amelieleza. Hatari ni mbegu iliyotafunwa, iliyopondwa, au iliyotobolewa. Kwa hiyo mbegu ambazo zimekatwa kwa mkasi na kulowekwa kwa ajili ya kusia ziwekwe mahali ambapo mtoto hafiki kabisa, kwani zimevimba, zimelainika, na zinafanana na maharage. Naomba jambo hili lizingatiwe kuliko yote niliyoandika. Shanga zinazotengenezwa kwa mbegu hizi nazo zimetobolewa, basi asipewe mtoto anayenyonya vitu mdomoni.

Watu wengi huchanganya mbegu hizi na zile za mturituri, mmea unaotambaa kwenye vichaka, wenye mbegu ndogo nyekundu zilizo na ncha nyeusi. Mbegu za mturituri ni ndogo zaidi, ngumu, za mviringo, na sumu yake ni kali kupita hii. Mtoto akisema amekula mbegu nyekundu yenye doa jeusi, usikae kubahatisha ni ipi. Mpeleke kituo cha afya mara moja akiwa anaonekana mzima, na beba mbegu au maganda yaliyobaki ili mhudumu ayaone. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji ukingoja kuona itakuwaje.

Baada ya kusema hayo, mimi mwenyewe nimekulia chini ya mti huu na sitamshauri mtu aukate. Wafundishe wajukuu jina lake na sababu ya kutozila, waokote pamoja nawe kila Oktoba, na zihifadhiwe kwenye chupa yenye kifuniko.

Mwalimu Mstaafu, Buhigwe

Marahaba kwa vijana, na ahsanteni nyote. Nimeyaandika haya kwenye daftari.

Nimeamua kufuata njia zote mbili. Nitakata vigingi tisa mwezi wa Septemba, vinene, na vitalazwa kwenye banda la kuni kwa siku kumi. Mbegu nitazipata kwa rafiki yuleyule. Nimemsimulia pia habari ya kidonda kukauka, akacheka, akasema baba yake alikuwa akiviegemeza vigingi kwenye ukuta wa zizi hadi mtu akavisahau, naye alidhani mzee alikuwa mvivu.

Nina maswali mawili tu yaliyobaki. Kwanza, mbuzi wa jirani hupita huko mpakani kila jioni, je, watakula? Pili, kuna mzee hapa kijijini amenikataza kuukata mti huu ukishakua, kwa maelezo kwamba ni mti wa heshima. Je, naruhusiwa kuupunguza matawi?

Mzee wa Heru Juu

Mbuzi watakula majani machanga bila huruma, miiba isikudanganye. Kigingi cha kimo cha mtu hutoa majani yake juu, mbuzi hafiki, na ndiyo sababu nyingine ya kukata virefu. Miche ya viriba lazima uizungushie matawi ya miiba kwa misimu miwili.

Kuhusu heshima, mzee huyo hakosei. Katika simulizi za Rwanda na Burundi, Ryangombe, au Kiranga kama Warundi wanavyomwita, aliuawa na nyati akiwa mawindoni, na mti huu ndio uliompokea alipoanguka, hivyo ukawa mti wa ibada yake. Jina lenyewe, umurinzi, maana yake ni mlinzi. Sisi wa Buha, yaani nchi ya Waha, tumeoana na kuhamiana na watu hao kwa vizazi vingi, na heshima hiyo ilivuka mpaka kabla mpaka haujachorwa. Wazee wangu waliukata kwa sababu ya kazi, kama mzinga, kigoda au kinu, na kila walipoukata walichomeka tawi lake palepale. Kupunguza matawi kwa ajili ya vigingi hakujawahi kuwa kosa. Ila usipunguze kabla ya maua, maana matawi ya mwaka uliopita ndiyo yanayochanua, na ukiyakata Juni umewanyima chozi chakula cha mwaka mzima.

Na kama utakosa matawi kwa rafiki yako, usiende kukata kwenye hifadhi ya msitu ya kijiji wala ya serikali bila kibali. Uliza kwanza ofisi ya kijiji au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wilayani. Watu wamelipishwa faini kwa tawi la thamani ndogo kuliko hilo.

Mwalimu Mstaafu, Buhigwe (Januari)

Wanajukwaa, heri ya mwaka mpya. Niliahidi kuleta taarifa.

Kati ya vile vigingi vitatu vya mwaka jana, kimoja kiliishi, na mwezi wa Agosti gome lake lilikuwa la kijani nilipokwangua. Vigingi tisa vipya nilivisimamisha tarehe 18 Oktoba, na mvua ya maana ilikuja siku kumi na mbili baadaye. Wiki hii nimevitikisa kama nilivyoelekezwa: sita havichezi kabisa, kimoja kinacheza ingawa kina majani mengi kuliko vyote, na viwili vimeliwa na mchwa, vyote viwili upande wa chini karibu na kijito, ambako nilidhani unyevu ungewazuia. Ndugu wa Kibondo alikuwa na haki ya kuonya.

Mbegu nilizisia ishirini na nne. Nilizikata kwa mkasi wa kucha mimi mwenyewe usiku, wajukuu wakiwa wamelala, na bakuli nililifungia kabatini. Zimeota kumi na saba. Mbili kati ya zilizokataa nilizifukua na kukuta nimekata ndani sana, mbegu imeoza. Miche kumi na miwili iko shambani ndani ya uzio wa miiba, mingine mitano nimempa kijana wa jirani, yule aliyenifumbua macho kuhusu mikrismasi.

Mkole nimepata miche minane, nimeupanda katikati kama alivyoshauri mrina asali. Mringaringa bado sijaupata.

Juzi nimeona ncha mbili zimekuwa nyeusi kwenye kigingi cha nne, na nilipozipasua nikamkuta kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia ndani ya kila moja. Nimezikata na kuzichoma jikoni. Swali langu kwa anayejua: je, kigingi cha mwaka wa kwanza kina nguvu ya kuchipua pembeni mara hiyohiyo, au nikitarajie baada ya mvua za Machi?

Mrina Asali, Uvinza

Kitachipua ndani ya wiki tatu kama mzizi umeshika, Mwalimu. Endelea kukagua kila Jumamosi hadi Aprili, maana huyo kiwavi hutaga zaidi ya mara moja, au niseme nondo mama yake.